Simba Wawili na Mlango Uliofungwa

Mjini Nairobi, katika barabara ya Banda, karibu na Msikiti wa Jamia, ipo Maktaba ya McMillan, yenye nguzo nene za mawe na simba wawili walindao mlango. Nilifika huko kwa basi la usiku kutoka Kisumu, asubuhi ya Jumatatu, tarehe 21 Oktoba 2019, nikitaka kusoma magazeti ya zamani. Kiduka changu nilikuwa nimekifunga kwa siku moja tu.

Nilikuta maktaba imefungwa, na kosa lilikuwa langu. Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20, iliangukia Jumapili. Na kwa sheria ya Kenya, ikiwa hivyo, Jumatatu ifuatayo huwa sikukuu.

Nikawatazama simba wale, nikafikiri. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931, lakini Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia mpaka mwaka 1958. Kabla ya hapo babu yangu angalifika siku yo yote, angalirudishwa. Mimi nilirudishwa na sikukuu ya wale waliotupigania. Uchungu ukapungua, ingawa nauli haikurudi.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kukata tikiti tazama kalenda. Pasaka huchukua Ijumaa na Jumatatu. Idd-ul-Fitr hungoja mwezi uandame, kwa hiyo usiweke safari karibu nayo. Tena piga simu kwanza, uulize. Majuto ni mjukuu, na mlango uliopatikana kwa taabu haufai kupotezwa kwa kutohesabu siku.