Sanduku la tepu na dai lililomrudisha baba mezani

Baba yangu alifanya kazi kwenye karakana ya chuma kwa miaka 32. Alipostaafu alikuja nyumbani na masanduku mawili ya vifaa na masikio yaliyochoka. Masanduku aliyasukuma chini ya kitanda. Masikio tuliishi nayo sote.

Kama hujawahi kuingia karakana, nikueleze kwanza. Tepu ni chuma kigumu chenye meno ambacho fundi hukizungusha ndani ya tundu ili kuchonga thredi, ile njia ya mzunguko inayoshika bolti. Dai ni kinyume chake: ni kipande cha duara chenye tundu katikati, huzungushwa juu ya fimbo ya chuma au bomba kuchonga thredi kwa nje. Kwa tepu unapata nati, kwa dai unapata bolti. Seti za zamani zilikuja kwenye masanduku ya mbao, kila kipande na kitundu chake, pamoja na mikono ya kuzungushia.

Sasa masikio. Naandika habari za afya, na suala la kelele kazini nimelizungumza na madaktari wengi. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku, mwaka baada ya mwaka, inatosha kuleta madhara. Ndani kabisa ya sikio kuna chembechembe zenye vinyweleo vidogo. Zikifa haziooti tena. Zinazoanza kupotea ni sauti nyembamba, kama herufi s, f na t, na pia sauti za wanawake na watoto. Ndiyo maana mzee hukuambia, "Nakusikia, lakini sikuelewi." Hakudharau.

Baba alimwelewa kaka yangu mwenye sauti nzito. Mimi na mwanangu wa miaka sita tulikuwa kwake kama redio iliyopoteza masafa. Kidogo kidogo akaacha kukaa nasi. Akawa anakula mapema, peke yake barazani, na kulala kabla ya taarifa ya habari. Wenye wazee nyumbani mtakuwa mnaijua hali hiyo. Watu husema mzee amekuwa mkali, au anazeeka vibaya.

Mwaka jana kaka alitaka masanduku yale yaende kwa mnunuzi wa chuma chakavu anayepita mtaani na mizani yake. Chuma ni chuma, alisema, na kodi ya nyumba haisubiri. Nikamwomba aniachie wiki moja. Nilichukua mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikaketi uani na mwanangu tukaanza kusugua kutu. Herufi zikaanza kutokea. Kwenye sanduku moja kila kipande kilikuwa na BSW. Kwenye la pili, ambalo baba alilinunua kwa fundi mwenzake, palikuwa na maneno Little Giant, na chini yake Greenfield, Mass.

Baba alikuwa barazani. Mwanangu akampelekea dai moja na kidole chake kikiwa juu ya maandishi. Pale hapakuhitajika masikio. Mzee akavaa miwani, akasoma, akacheka, na akaanza kuongea. Aliongea mpaka magharibi.

Usiku huo nilianza kutafuta historia ya watengenezaji, na mpaka leo sijaacha. Ninachokipata nakiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, asubuhi baba anasoma na kunisahihisha mambo ya kazi.

BSW ni thredi ya Whitworth. Joseph Whitworth alikuwa fundi na mwenye karakana Manchester, Uingereza. Wakati wake kila karakana ilichonga thredi yake, na nati ya huku haikuingia kwenye bolti ya kule. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, na mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja kilichotokana na wastani wake: pembe ya nyuzi 55, na idadi maalumu ya thredi kwa kila inchi kulingana na unene wa bolti. Uingereza ikamfuata. (Kwa upande wangu wa kazi: sehemu ya fedha alizoacha alipofariki ilisaidia kuanzisha hospitali ya saratani Manchester, ile inayoitwa leo Christie.)

Wamarekani walienda njia yao. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza pembe ya nyuzi 60 yenye ncha bapa, kwa hoja kwamba fundi wa kawaida ataichonga kwa urahisi zaidi. Greenfield ni mji wa jimbo la Massachusetts, na kwa miaka mingi ulijulikana kwa tepu na dai. Kampuni mbili za hapo zilishindana tangu miaka ya 1870: Wiley & Russell waliouza seti za Lightning, na Wells Brothers waliouza Little Giant. Mwaka 1912 ziliungana na kuwa Greenfield Tap and Die. Kwa hiyo ukikuta herufi GTD kwenye kifaa, ujue hakikutengenezwa kabla ya mwaka huo. Na ukikuta HSS, hicho ni chuma cha kasi kinachovumilia joto. Vya zamani zaidi ni vya chuma cha kaboni: vikali sana, lakini vikipata moto vinalainika, na ukivilazimisha vinakatika.

Kisa alichokipenda baba kuliko vyote ni cha moto wa Baltimore wa Februari 1904. Vikosi vya zima moto vilikuja kutoka miji mingine, lakini mipira ya baadhi yao haikuingia kwenye mabomba ya Baltimore kwa sababu vipimo vya viungo havikufanana. Majengo kama 1,500 yaliteketea. Baba alisoma ukurasa huo mara mbili, kisha akaniita: "Mama, njoo uone."

Alitoa bolti ya nusu inchi ya Kiingereza na nati ya nusu inchi ya Kimarekani, akampa mjukuu azifunge. Nati iliingia vizuri, mzunguko wa kwanza, wa pili, halafu ikakwama. Whitworth ana thredi 12 kwa inchi kwenye kipimo hicho, Mmarekani ana 13. Kwenye robo inchi wote wana 20, kwa hiyo fundi mzembe anaweza asigundue. Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana kipimo cha pamoja mwaka 1948 tu, baada ya usumbufu mwingi wa vita.

Mjukuu sasa anajua kwamba tepu hupakwa mafuta kwanza, kisha ni nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ili chembe za chuma zikatike na zisizibe. Havai kandambili akiwa karibu na meza ya babu, na miwani ya kukinga macho nilinunua jozi tatu. Wazazi msilipuuze hili la miwani. Chembe ya chuma ni ndogo na jicho ni moja.

Baada ya miezi miwili ya daftari, baba alikubali kwenda kupimwa usikivu, jambo alilolikataa kwa miaka minne. Majibu hayakunishangaza: masikio yote mawili yamepoteza sauti za juu. Alishauriwa vifaa vya usikivu kwa pande zote. Bei yake ilitunyamazisha.

Ni yeye aliyesema sanduku moja liuzwe. Niligoma, kwa kuwa lile la Greenfield lilikuwa zuri na karibu limekamilika. Akanijibu kifundi. Bolti za magari ya siku hizi ni za milimita, na hakuna mtu mtaani anayehitaji thredi ya Mmarekani. Lakini bomba la nusu inchi nyumbani kwetu, koki yake na viungo vyake, vina pembe ileile ya nyuzi 55 ya Whitworth. Hilo la Kiingereza bado lina kazi.

Likauzwa kwa mkusanyaji mwenzangu. Fedha yake haikufika hata robo ya kilichohitajika. Iliyobaki tulichanga, na kaka alitoa kuliko wote. Tumepata kifaa cha sikio la kulia kwanza. Baba anakivaa wakati wa chakula na kukivua mara tu televisheni ikiwashwa, anasema kelele zile hazina faida.

Seti ya Whitworth inakosa dai ya robo tatu inchi. Jumamosi asubuhi tunakwenda Gerezani kuitafuta kwenye marundo ya vyuma, watatu, babu akiwa mbele. Mpaka sasa tumepata mbili, zote za Kimarekani.