Sahihi ya Baba Mdogo

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi huweka mkuki na ngao, sime na mashada ya maua kwenye mnara wa kumbukumbu, na tarumbeta hupigwa. Katika Mkoa wa Kagera, makaburi ya Kaboya yanawahifadhi askari wetu waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin. Ni haki yao kukumbukwa, nami husimama kimya pamoja na wengine. Hata hivyo, ndugu msomaji, kila mwaka fikra zangu humwendea mtu ambaye hakuzikwa Kaboya. Yeye alirudi nyumbani.

Baba yangu mdogo alikuwa mkulima katika nyanda za juu za Iringa, na siku za mvua alikuwa fundi seremala. Alikuwa amepitia mafunzo ya mgambo kijijini, kama vijana wengi wa enzi hizo. Tarehe 1 Novemba 1978 Amin alitangaza kwamba ameitwaa ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alilihutubia Taifa, akasema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Majuma machache baadaye mwenyekiti wa kijiji alifika nyumbani kwetu jioni akiwa na orodha, na jina la baba mdogo lilikuwamo.

Nimewahi kuwasikia wasomi wenzangu wakisema kwamba mgambo wote walijitolea. Baba mdogo hakujitolea, wala hakushikiwa bunduki. Aliitwa, akaenda, kwa sababu katika kijiji kile hapakuwa na namna ya kuitwa usiende. Aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mimi sikuulizwa nia. Niliambiwa siku ya kuondoka." Hata hivyo, hakuwahi kusema kwamba vita ile ilikuwa ya makosa. Aliliona Daraja la Kyaka likiwa limevunjwa, na alizipita nyumba zilizochomwa. Aliamini kabisa kwamba Amin alistahili kuondolewa.

Tarehe 10 Machi 1979 alikuwa Lukaya, kwenye barabara itokayo Masaka kuelekea Kampala, mahali ambapo njia hupita katikati ya kinamasi. Brigedi yake ya 201 ilijaa mgambo ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona vita. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walifyatua maroketi, na safu zikavunjika. Wakulima wale walikimbilia kinamasini gizani. Kesho yake jeshi letu lilijipanga upya na kushinda, na ushindi huo ndio ulioifungua njia ya Kampala. Lakini baba mdogo hakuuona. Kipande cha chuma kilikuwa kimepasua mkono wake wa kulia chini ya kiwiko, naye alilala ndani ya matete mpaka wenzake walipomkuta.

Madaktari waliuokoa mkono, wakaufunga hogo. Lilipofunguliwa, vidole vitatu havikuweza kukunjwa tena. Alirudi kijijini wakati Taifa zima lilipokuwa limeambiwa lifunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Sabuni ilikuwa adimu, na dawa ya maumivu ilikuwa adimu zaidi.

Kupona kwake ilikuwa kazi ya mama mdogo. Kila asubuhi alimpa tambara lililoloweshwa katika maji ya uvuguvugu, alikamue mpaka atokwe na jasho. Jioni alimwekea ungo wa mahindi ayapukuchue kwa mkono ule ule mbovu. Mwanzoni alimaliza gunzi moja, kisha akalala akiwa ameugeukia ukuta. Baada ya mwaka aliweza kushika jembe, mpini akiubana kwapani. Randa na msumeno alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, na kalamu pia. Usiku alipiga kelele, nasi watoto tulikatazwa kuuliza.

Mwaka 1988, nilipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam, alinikabidhi bahasha yenye maombi yake ya malipo ya ulemavu. Niliipeleka katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani wa masijala alilitoa jalada, akalinganisha karatasi mbili, akasema, "Sahihi haifanani." Mzee alikuwa ametia sahihi fomu za jeshi kwa mkono wa kulia, na maombi aliyaandika kwa mkono wa kushoto. Nilimweleza kwamba mkono wa kulia ndio hasa tunaouombea malipo. Alinitazama bila chuki. "Naelewa, kijana. Lakini haifanani. Aje mwenyewe."

Nilirudi mara moja tu. Mitihani ilikaribia, na nauli ya kumleta mzee kutoka Iringa hatukuwa nayo. Nilipokwenda likizo alinipokea bahasha mkononi, akaniuliza jambo moja tu: wamekataa kwa nini? Nikamweleza habari ya sahihi. Kisha, kwa kuona haya, nikaongeza, "Lakini bado wanalishughulikia, baba." Hapakuwa na mtu aliyekuwa akilishughulikia. Hakuniuliza tena, nami sikumwambia ukweli hadi alipofariki mwaka 2006.

Baada ya matanga tulifungua sanduku lake. Chini ya shati la mgambo palikuwa na daftari la shule. Kurasa zake zote zilijaa jina lake, mstari kwa mstari, kwa wino na kwa penseli. Alikuwa akijaribu kuifundisha kalamu ya mkono wa kushoto iandike kama ule wa kulia. Kurasa za mwisho zilikaribia sana kufanana.

Nimefundisha habari za dola kwa miaka mingi, na daftari lile limo katika mkoba wangu kila ninapoingia darasani. Dola iliyoweza kulipata jina la mkulima mmoja katika kijiji kisicho na barabara, ikamfikisha Lukaya, haikushindwa kumpata tena kwa kukosa uwezo. Sababu ilikuwapo: mkono wake. Kilichopungua ni nia, na sehemu ya upungufu huo ilikuwa yangu.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu, kabla ya kuandika tasnifu nyingine kuhusu vita vya Kagera, wawatafute wazee waliobaki na kuwauliza jinsi walivyopona. Nawaomba pia ndugu zangu watumishi wa umma: likija mezani kwenu jalada ambalo karatasi zake hazifanani, mtazameni kwanza mtu mwenyewe. Karani yule alifuata utaratibu, wala simlaumu peke yake. Mimi nilikuwa na miguu miwili mizima na kituo cha basi karibu, na sikurudi.