Kesho Tunarudi Nyumbani

Neno lililotusumbua siku ile ya mwisho lilikuwa moja tu: nyumbani. Mume wangu akisema nyumbani anamaanisha kwa mama yake, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, migomba mlangoni na Mlima Rungwe kwa nyuma, siku mawingu yakiruhusu kuuona. Watoto wakisema nyumbani wanamaanisha vyumba viwili na sebule tulivyopanga Dar es Salaam. Kwa siku kumi kila upande ulilitumia neno hilo kwa maana yake na hapakuwa na tatizo. Siku ya kumi na moja tatizo likaja.

Mkubwa, ambaye sote tunamwita Dada, ana miaka 6. Mdogo wake ana 3. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha kama inavyonyesha Tukuyu, bila haraka na bila dalili ya kukoma. Dada akatangaza jikoni kwa furaha: "Kesho tunarudi nyumbani!"

Bibi yao alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Na hapa ni wapi?"

Mtoto akafikiri. "Hapa ni kwa Bibi."

Hakuna aliyecheka. Bibi ana miaka 79. Tumemwomba mara tatu ahamie kwetu, na mara tatu amekataa. Hawezi, anasema, kuishi mahali ambapo hata jani la mgomba linanunuliwa. Shemeji zangu wako Mbeya, Dodoma na Mwanza. Wakikutana na mazungumzo yakafika kwenye shamba, sauti zinashuka na sentensi zinaishia njiani. Mipaka yote anaijua yeye. Kaburi la babu liko hapo hapo, hatua chache kutoka jikoni, na anayelifyekea majani ni yeye.

Mimi si mtu wa kule. Nilizaliwa Muheza, na Kibondei cha bibi yangu nakielewa nikikisikia, lakini siwezi kukijibu. Kwa hiyo najua jambo hili linavyokwenda. Hakuna anayelitangaza. Mtu mmoja anafariki, msiba unakwisha, likizo inayofuata mnaona nauli ni kubwa. Baada ya hapo kijiji kinakuwa hadithi, na hadithi haina njaa wala haihitaji kufyekewa.

Mvua ilipokata tukakodi noah kwenda Daraja la Mungu. Ni daraja la mwamba juu ya Mto Kiwira, ambalo hakuna fundi aliyelijenga: lava ya kale ilipoa na kuwa jiwe, na maji yakapitisha njia yake chini. Mume wangu alijitahidi kueleza volkano. Mdogo hakuwa na habari naye. Alidondosha jani upande mmoja, akataka tumpeleke haraka upande wa pili alione likitokea. Tulivuka mara nne, nimemshika mkono mpaka ukatoka jasho. Hatukuliona jani hata mara moja. Kila mara aliamini lile linalofuata litatokea.

Tuliporudi, Bibi alimchukua Dada kwenye migomba nyuma ya nyumba. Akamwonyesha shina moja. "Kitovu cha baba yako kiko hapa."

"Changu kiko wapi?"

Bibi akanitazama. Kitovu cha Dada kilidondokea Mbagala, kwenye chumba tulichokuwa tumepanga, na mama yangu akakizika uani. Nyumba ile ilishabomolewa. Sasa pale pana fremu za maduka. Nikamwambia mtoto kiko Dar es Salaam, na ni kweli. Bibi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayehesabu.

Jioni, wakati nafunga mizigo, niliwaza kitabu nilichokisoma chuoni, *Good Company* cha Monica Wilson, kilichotoka mwaka 1951. Wilson na mumewe, Godfrey, waliishi na Wanyakyusa miaka ya 1930. Anaeleza kwamba mvulana akifika miaka kumi au kumi na moja hivi aliondoka kwa wazazi, akaenda kujenga kibanda pamoja na marika zake. Kijiji cha watu wazima kilianza hivyo, kwa watoto walioondoka. Niliposoma niliona ni ukatili. Usiku huo nikamuuliza Bibi kama ni kweli.

"Walikuwa wanaondoka," alisema. "Baba yangu aliondoka. Lakini walikuwa wanarudi kula. Wanakuja kundi zima kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama hakuuliza umelala wapi. Aliuliza umekula?"

Akaendelea kukoroga maharage. Hakulieleza zaidi, nami sikumwomba aeleze.

Tulikula ndizi na maharage, na maziwa mgando kwa aliyetaka. Mdogo alisinzia na kipande cha parachichi mkononi. Dada, ambaye kwa siku kumi alikuwa anajificha nyuma yangu wageni wakija, alimaliza chakula, akamshukuru bibi yake kwa Kinyakyusa: "Ndaga." Neno moja, na lafudhi ya Mbagala. Bibi akajibu kwa sentensi ndefu ambayo hakuna hata mmoja kati yetu wawili aliyeielewa. Mume wangu aliielewa. Akainuka akaenda nje kuangalia kama mvua imerudi.

Nikakusanya vyombo. Watoto walikuwa na sahani mbili za bati tulizowanunulia sokoni siku ya pili, moja ya kijani na moja ya bluu. Niliziosha, nikazifuta, nikaanza kuzipenyeza kwenye begi kando ya masweta.

Bibi alizitoa. Akazipanga kwenye kabati lake juu ya sahani zake, akafunga mlango.

"Hizi ni za hapa," alisema. "Wakija watakulia nini?"

Basi letu lilikuwa la alfajiri. Nilifunga zipu ya begi. Nafasi ya sahani nikaijaza ndizi.