Mwanamume Anayempenda Dada Yangu

Mwaka wa 2022, nikiwa na shahada ya kwanza ya ualimu mkononi na bila barua yoyote kutoka kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, niliandikwa na bodi ya shule moja ya kutwa katika Kaunti ya Kwale ili nifundishe Kiswahili na Historia. Muhula wa pili ulipoanza, mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha tatu alikwenda likizo ya uzazi. Naibu wa mwalimu mkuu akaniita, akanikabidhi kitabu na chaki, akasema kuwa mtu wa lugha ni mtu wa lugha. Sikubisha. Mshahara wa bodi haumpi mtu ujasiri wa kubisha.

Mada iliyonisubiri ilikuwa vishazi rejeshi. Mpenzi msomaji, wewe uliyelelewa na ngeli huenda ukadhani kuwa hapo Kiingereza ni chepesi. Sisi tuna ambaye, ambacho, ambayo, ambalo na wenzao. Kiingereza huuliza tu kama anayetajwa ni mtu au ni kitu, na akiwa mtu, kama anatenda au anatendwa. Hata hivyo, siku mbili nzima nilifundisha kwa mifano ya kitabu, ya wakulima na madaraja, na darasa likasinzia mbele ya macho yangu. Siku ya tatu nikaamua kuingiza mambo ya uchumba.

Nilibuni kijana mmoja atafutaye mchumba, ambaye kila aendako huharibu mambo kwa sarufi. Barua yake ya kwanza ilisema: "You are the girl which I love." Nikawataka wanafunzi waitafsiri kwa uaminifu. Msichana mmoja wa nyuma, mpole kwa kawaida, akasema taratibu: "Wewe ndicho msichana ambacho nakipenda." Darasa likaangua kicheko, na sijapata kulisahihisha kosa lile tena. Nikaongeza kwamba hata Kiswahili chenyewe, ambacho kimempa kijana umbo la KI-VI, hakithubutu kusema "kijana ambacho". Uhai hushinda umbo. Waama, kipindi kile nilifundisha lugha mbili kwa mshahara wa moja.

Tulipofika kwenye koma, kijana wangu alikuwa keshaoa. Nikaandika ubaoni sentensi mbili juu ya mke wake aishiye Mombasa, moja ikiwa na koma na nyingine haina. Nikaeleza kuwa yenye koma ni ya mtu mwenye mke mmoja, naye yuko Mombasa. Isiyo na koma inadokeza kuwa yuko na mwingine mahali pengine, na kwamba kijana huyu asipotia koma atavunja nyumba yake. Mvulana mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, hiyo isiyo na koma ni sahihi pia. Babu anao watatu." Nilimpa haki yake.

Nilipofundisha tofauti ya "who" na "whom" nilimfanya kijana azungumze mwenyewe. Kuna msichana anayenipenda, alilia, na kuna msichana ninayempenda, na masikini ya Mungu hawa si mtu mmoja. Kwa Kiswahili huzuni hiyo iko wazi kabisa, kwa sababu viambishi vya nafsi ya kwanza huilinda maana. Sikuvuka nafsi ya kwanza. Hilo lilikuwa kosa langu la kitaaluma, nami sikulijua.

Nikatoa zoezi la nyumbani: sentensi tano tano. Nilipokusanya madaftari, niliona kuwa wengi walilikwepa neno "whom". Yule msichana wa nyuma hakulikwepa. Sentensi yake ya tatu ilisema: "The man whom my sister loves sells shoes at the market." Nilitia alama ya vema kwa wino mwekundu na kuandika kando: Vizuri sana.

Siku ya nne baadaye niliitwa ofisini kwa naibu. Alikuwako mama mmoja aliyejifunga leso, na juu ya meza lilikuwa daftari nililolijua. Nilimwamkia. Akaitikia kwa adabu, kisha akalifungua daftari.

"Mwalimu, mimi Kiingereza sikukisoma," alisema, "lakini neno hili nalijua." Kidole chake kilikuwa juu ya neno la mapenzi. "Na hili ni dada. Na mwanangu mkubwa yuko nyumbani, amemaliza kidato cha nne, anangojea chuo. Basi nisomee."

Nilitafsiri kama nilivyozoea kutafsiri, bila kufikiri: "Mwanamume anayempenda dada yangu huuza viatu sokoni."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo katika miaka minne ya chuo kikuu sikuwahi kuulizwa na mhadhiri yeyote. "Hapo umesema mawili, mwalimu. Anayependa ni yeye, au ni mwanangu?"

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa sana. Kirejeshi kikikaa ndani ya kitenzi, mtenda wa kishazi hurudi nyuma ya kitenzi: barua aliyoiandika Juma. Barua haiandiki, kwa hivyo hapana utata. Lakini wakiwa wote wawili ni wa ngeli ya A-WA na wote ni umoja, hakuna kinachotuambia a- ni ya nani na -m- ni ya nani. Anayempenda dada yangu ni mwanamume apendaye, au ni mwanamume apendwaye na dada. Ningesema "mwanamume ambaye dada yangu anampenda", shaka ingekwisha. Nami ni mara ngapi nimewaandikia watahiniwa ubaoni "andika upya bila kutumia amba-", kana kwamba lililobadilika ni urefu wa sentensi tu? Wanasarufi husema kuwa amba- imetokana na kitenzi kikongwe kuamba, yaani kusema. Mama yule alikuwa akinitaka niseme.

Kiingereza kilikuwa kimekwisha kusema, kwa herufi moja, "m", na kwa herufi hiyo mimi nilikuwa nimeandika Vizuri sana.

Nilimtazama naibu, ambaye hufundisha Hisabati na anajua Kiingereza vyema. Alikuwa akitazama dirishani.

"Sentensi haikufafanua, mama," nikasema.

Huo ndio uongo pekee ninaoukumbuka kuusema juu ya sarufi. Nilijiambia kuwa siri ya dada haikuwa yangu kuitoa, na kwamba mtoto hapaswi kuadhibiwa kwa kuandika Kiingereza sanifu. Bado naamini hivyo kwa sehemu kubwa. Ila sikufikiri kuwa sentensi yenye maana mbili haikai na maana mbili muda mrefu. Mzazi akiachiwa achague, atachagua ile inayomsafisha mwanawe. Mama alifunga daftari, akashukuru, akatoka. Naibu alisema maneno mawili tu: "Badilisha mifano."

Jumamosi iliyofuata nilipita sokoni. Mwuza viatu nilimfahamu, maana mwezi mmoja kabla alikuwa ameniuzia raba za mtumba na kunipunguzia shilingi hamsini bila kuombwa. Turubai lake halikuwapo. Mwenye vyombo wa jirani aliniambia kuwa alijiwa na watu wakamwambia aache kusumbua binti za watu, akahamia kando ya barabara kuu. Alijitetea, akasema mwenye vyombo, lakini nani angemsikiliza? Sikuuliza alijitetea kwa maneno gani.

Nilibadilisha mifano. Tulirudi kwa wakulima na madaraja, na muhula ukaisha. Yule msichana hakupata kunitajia jambo lile, ingawa nina hakika alijua nilichosema na nilichoficha, kwa sababu darasani ni yeye aliyeijua ile "m" kuliko wote. Daftari lake liliendelea kuja kila Ijumaa. Sentensi zake zote zilikuwa juu ya ng'ombe, mito na mabasi, na zote zilikuwa sahihi.