Neno Moja, Maana Mbili

Mwaka 1958 baba yangu aliletewa barua ya Kiingereza juu ya mkopo wake wa miche ya kahawa. Mimi nilikuwa karani kijana, nimetoka shule na majivuno mengi. Nikaisoma mbele ya wazee, na nilipofika penye neno "outstanding" nikasema kwa sauti, "Baba, wasema hesabu yako ni bora kupita zote." Siku hiyo mbuzi alichinjwa.

Baada ya miezi miwili ikaja barua ya pili, nayo kali. Kumbe ile ya kwanza ilisema kwamba Shs. 240/- hazijalipwa! Baba akauza ndama. Hakunigombeza, alisema tu, "Mwanangu, mbona hukuuliza?"

Asili ya neno hilo ni kusimama nje. Mtu aliyejitokeza mbele ya wenzake huonekana na wote. Hiyo ni sifa. Na fedha zilizo nje bado, zisizoingia katika sanduku la mwenyewe, ni deni. Basi, msomaji, tazama neno hilo lafuatana na maneno gani. Likimtaja mwanafunzi au mchezaji, furahi. Likitaja fedha, kodi au hesabu, tazama mfuko wako. Likitaja kazi, yaweza kuwa kazi bora, au kazi isiyomalizika. Hapo hapana budi kuisoma barua yote.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuchinja mbuzi kabla ya kuielewa barua.