Maji, Chumvi na Mfuko

Nilipopangiwa wodi ya upasuaji hapa Dodoma, mwishoni mwa miaka ya 1980, stoma, yaani utumbo uliotolewa nje ya tumbo, nilikuwa nimeiona vitabuni tu. Walionifundisha kazi hasa ni wagonjwa wa homa ya matumbo. Waliletwa kutoka Bahi, Mpwapwa, Kongwa na vijiji vya Chamwino, wengi wakiwa wameshaumwa nyumbani majuma kadhaa wakimeza dawa za malaria, tumbo limekaza, halishikiki. Homa hiyo isipotibiwa mapema, kuanzia wiki ya tatu inaweza kutoboa utumbo mwembamba, karibu na pale unapoungana na utumbo mpana. Uchafu ukishamwagika ndani ya tumbo, vidonge peke yake haviokoi mtu. Lazima apasuliwe.

Tundu likiwa moja na mgonjwa ana nguvu, aghalabu daktari hulishona. Lakini utumbo ukiwa umeoza, au tumbo limejaa usaha, mshono wa siku hiyo huenda ukaachia. Hapo ndipo anapoutoa utumbo mwembamba nje, mara nyingi upande wa kulia chini ya kitovu, akaupindua ncha na kuushona kwenye ngozi ili uchomoze sentimita mbili tatu. Namna hiyo ya kuupindua ilielezwa mwaka 1952 na daktari wa Uingereza, Bryan Brooke, na faida yake kubwa ni kuinusuru ngozi. Kinachotoka hapo ni majimaji yenye vimeng'enya vinavyosaga chakula, na yakituama kwenye ngozi huichubua mpaka mgonjwa analia.

Mifuko yenyewe ya stoma ilikuwa adimu na ghali. Ndugu walifunga mifuko ya rambo kwa kitambaa kiunoni, na ilipofika Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ikapigwa marufuku, nilikuwa na wazee walioniuliza watavaa nini. Marufuku ilikuwa ya haki, nchi ilishachafuka, ila swali lao lilikuwa la haki pia. Kwa aliyepata mfuko wa gundi, kazi yangu ilikuwa kumfundisha kukata tundu lizidi stoma kwa milimita mbili tu au tatu, kuosha ngozi kwa maji matupu, na kuikausha barabara kabla ya kubandika. Jasho la Oktoba hapa kwetu halina huruma na gundi. Marhamu ya zinki ilimfaa wa rambo. Wa gundi akiipaka, mfuko haushiki.

Lakini kilichonisumbua kuliko ngozi ni chumvi. Utumbo mpana ndio unaomalizia kunyonya maji na chumvi, na mwenye ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba, amekatiwa njia hiyo. Siku za mwanzo anaweza kutoa zaidi ya lita moja kwa siku. Baadaye hutulia kwenye nusu lita au zaidi kidogo. Mama mmoja alimrudisha kijana wake wakati wa kiangazi, macho yamezama, miguu inakakamaa.

"Mbukwenyi, mama. Anakunywa?"

"Anakunywa sana, nesi. Ndoo inaisha. Mkojo ndio hakuna."

Nilimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Kila mtu kijijini alikuwa amemwambia kijana anywe maji mengi, naye akatii, wala hakuna aliyemtakia mabaya. Ila maji matupu yakiwa mengi mno hupita moja kwa moja na kuondoka na chumvi ya mwili. Tulimtundikia dripu, kisha nikakaa na mama yake kwenye benchi tukakoroga pamoja: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta. Nikamwonjesha. Maji hayo yakiwa na chumvi kupita machozi, mwaga, anza upya. Anywe kidogo kidogo mchana kutwa, na uji wa uwele utiwe chumvi.

Mzee mmoja wa Kondoa aliacha kwenda msikitini kwa kuona kwamba, kwa ajili ya mfuko, twahara imemtoka daima. Shehe wake alimweleza kuwa yeye ni mwenye udhuru: atawadhe kila swala inapoingia, aswali. Alirudi safu ya mbele, na hilo lilibadilisha uso wake kuliko dawa yoyote niliyowahi kumpa.

Wengi wa homa ya matumbo hurudishiwa utumbo ndani baada ya miezi miwili mitatu, afya ikiruhusu. Miezi hiyo wanaishi mikononi mwenu, ndugu. Kwa hiyo nawaomba: msikubali mgonjwa wenu aruhusiwe kabla mmoja wenu hajabadilisha mfuko kwa mikono yake mbele ya nesi. Mwageni mfuko ukifika theluthi, msingoje ujae. Karanga na mahindi ya kuchoma aviache majuma ya mwanzo, maana huziba. Stoma yenye afya ni nyekundu na ina unyevu. Ikigeuka nyeusi, au ikiacha kutoa kitu huku tumbo linauma, au mkojo ukikatika, tafuteni usafiri usiku huohuo.