Bibi Aliyekataa Kuitupa Ngoma ya Wazee

Wahenga walisema, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Habari za Bibi T. Balasaraswati wa Madras, mji wa kusini mwa Bara Hindi ambao tangu 1996 huitwa Chennai, zaonyesha jinsi ilivyo vigumu kulishika neno hilo wakati mbacha wenyewe umekwisha kudharauliwa na majirani.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1918 katika nyumba ya muziki. Nyanya yake, Veena Dhanammal, alisifiwa sana kwa kupiga chombo cha nyuzi kiitwacho vina. Mama yake, Jayammal, alikuwa mwimbaji. Mwalimu wake, Kandappa Pillai, alimfundisha kwa ukali tangu utoto, na mwaka 1925, akiwa na miaka saba tu, alicheza mbele ya watu kwa mara ya kwanza katika mji wa Kanchipuram.

Lakini ukoo wake ulikuwa wa wale wanawake ambao tangu zamani waliwekwa wakfu kuhudumu hekaluni kwa nyimbo na ngoma. Hawakuolewa kama wanawake wengine, na katika siku zake watu wengi waliwahesabu kuwa malaya. Mwaka 1947 serikali ya Madras ilitunga sheria ya kukataza wasichana wasiwekwe wakfu tena. Hapana shaka waliotaka sheria hiyo waliona wasichana wakidhulumiwa. Lakini aibu iliwaangukia hata wale waliokuwa ghala ya elimu yenyewe. Wakati huo binti za watu wenye cheo walikwisha anza kujifunza ngoma hiyo, iitwayo Bharata Natyam, na baadhi ya wakuu wao walitaka nyimbo zake za mapenzi zipunguzwe. Bibi Rukmini Devi, aliyeanzisha chuo cha Kalakshetra mwaka 1936, alikuwa miongoni mwao.

Bibi Balasaraswati hakukubali. Kwake yeye mapenzi yalikuwa mfalme wa hisia zote, na njia ya moyo kumwelekea Mungu. Hayakuwa na uchafu wa kusafishwa. Wala hakukubali kuutenga mchezo na muziki. Njuga za miguuni zilifuata ngoma ya mridangam, na mara nyingi aliimba mwenyewe huku mikono na macho yakieleza maneno. Mstari mmoja wa wimbo aliweza kuurudia tena na tena, na kila mara uso wake ukatoa maana nyingine, hata mtazamaji asiyejua lugha akaelewa.

Hivyo alicheza Tokyo mwaka 1961 na Edinburgh mwaka 1963, akafundisha Marekani, na nyumbani akasimamia shule ya ngoma ya Music Academy ya Madras, iliyofunguliwa 1953. Mwaka 1973 chama hicho kilimpa jina la Sangita Kalanidhi, ambalo kwa desturi hupewa waimbaji na wapigaji wa vyombo. Kabla yake hakuna mchezaji aliyepata kulipewa. Alifariki mwaka 1984.

Desturi mbaya yaweza kukomeshwa kwa sheria, na ni vema. Lakini elimu ikifa pamoja na wenyewe, hakuna sheria iwezayo kuifufua. Wanafunzi wake waliipata kwa kuwa mtu mmoja wa nyumba iliyodharauliwa alikataa kuionea haya.